Kodi Haihesabu Sahani Mezani

(Hotuba niliyoitoa mbele ya wanachama wa chama chetu cha akiba na mikopo, Mombasa, Novemba 2025. Naiweka nzima kwa ajili ya waliokuwa zamu na waliosafiri. Majedwali niliyoonyesha ukutani nimeyaacha. Hesabu zote zimo kwenye maneno.)

Mwenyekiti wetu, wanakamati, mama zangu, baba zangu, dada na kaka, nanyi vijana mlioanza kazi mwaka huu: salaam aleikum, Bwana asifiwe, hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kukadiria kodi ambayo kila nyumba inaweza kuiokoa kwa njia ya halali. Naanza na swali. Kwenye karatasi yako ya mshahara ya mwezi uliopita, ni mstari upi unaoonyesha una watoto wangapi? Ni mstari upi unaoonyesha kuwa mama mzazi anaishi kwako na dawa zake za presha unazinunua wewe? Itoeni simu, iangalieni. Nawangojea.

Haupo. Kuna jina lako, namba yako ya KRA, yaani mamlaka ya kodi, jumla ya mshahara, makato, halafu kile kinachobaki. Kodi ya Kenya inamjua mwenye mshahara. Nyumba yake haiijui. Kodi haihesabu sahani mezani. Nitalirudia neno hili leo mpaka mlichoke, kwa sababu ukishalielewa utajua pa kutafuta nafuu, na pa kutoisubiri.

Chukueni watu wawili. Wa kwanza ni kijana anayeishi peke yake Kisauni, chumba kimoja, hana mke wala mtoto. Wa pili ni mama wa Likoni anayelea watoto wanne bila mwenzi. Wote wawili wanalipwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Tufanye hesabu pamoja. Mwenye kalamu aandike.

Kwanza yanatoka makato matatu: NSSF, akiba ya uzeeni, asilimia 6, ambayo ni 3,600. SHA, bima ya afya ya serikali, asilimia 2.75, ambayo ni 1,650. Na makato ya nyumba za bei nafuu asilimia 1.5, ambayo ni 900. Jumla 6,150. Tangu tarehe 27 Desemba 2024 yote matatu yanaondolewa kabla ya kodi kupigwa. Kwa hiyo kinachotozwa kodi ni 53,850.

Sasa kodi yenyewe. Shilingi 24,000 za mwanzo zinatozwa asilimia 10: 2,400. Shilingi 8,333 zinazofuata zinatozwa asilimia 25: 2,083. Zilizobaki, 21,517, zinatozwa asilimia 30: 6,455. Jumla 10,938. Halafu serikali inakurudishia nafuu ya kila mtu, shilingi 2,400 kwa mwezi. Kodi inayobaki ni 8,538, na mfukoni zinaingia 45,311.

Kijana wa Kisauni analipa 8,538. Mama wa Likoni analipa ngapi? Semeni kwa sauti. Elfu nane mia tano thelathini na nane, hakuna hata senti ya tofauti. Kijana anabaki na 45,311 za mtu mmoja. Mama anabaki na 45,311 za watu watano, yaani elfu tisa na kitu kwa kila kichwa, kabla ya nauli ya feri, kabla ya pango la mwenye nyumba, kabla ya karo. Ile nafuu ya 2,400 ni ile ile kwa kapera na kwa mwenye watoto wanane. Je, ni haki? Nitalijibu swali hilo mwishoni, kwa sababu lina kazi ya kufanywa.

Tuje kwenye jambo la pili, ambalo wengi wenu hapa hamkulitarajia. Nyumba mbili za jirani, mtaa mmoja, zinaingiza kiasi kile kile cha pesa, na bado zinalipa kodi tofauti kabisa.

Nyumba ya kwanza, baba peke yake ndiye mwenye ajira, analipwa 120,000. Mke yuko nyumbani na watoto. Nyumba ya pili, mume analipwa 60,000 na mke 60,000. Jumla ni ile ile. Tuanze na baba wa 120,000. NSSF yake kwa mwaka 2025 ni 4,320, kwa sababu mwaka huo mchango ulikomea kwenye mshahara wa 72,000. SHA 3,300. Makato ya nyumba 1,800. Kinachotozwa kodi ni 110,580. Ukipitisha kwenye ngazi zile zile na kuondoa nafuu ya 2,400, kodi yake ni 25,557.

Wale wawili wa nyumba ya pili, kila mmoja analipa 8,538. Zijumlishe: 17,077. Tofauti ni shilingi 8,480 kila mwezi. Kila mwezi! Kwa mwaka ni zaidi ya laki moja, 101,768. Inatoka wapi? Wawili wana nafuu mbili za 2,400, na kila mmoja anapitia ngazi za chini, ile ya asilimia 10 na ile ya asilimia 25, kwa jina lake. Baba aliye peke yake anazipitia mara moja tu, kisha mshahara wake wote uliobaki unaangukia asilimia 30.

Sisemi haya ili mtu akamlazimishe mkewe kuacha watoto na kutafuta ajira. Nasema kwa sababu nimewasikia wanaume wakipiga hesabu ya kazi ya mke kwa kupunguza nauli na mshahara wa yaya, kisha wanakata shauri kuwa haina faida. Katika hesabu hiyo wanamtoza mke kodi ya asilimia 30 vichwani mwao, kana kwamba mshahara wake unapandishwa juu ya wa mume. Siyo hivyo. Mke akiajiriwa kwa 25,000, baada ya makato yale matatu kinachotozwa kodi ni 22,437. Kodi yake kabla ya nafuu ni 2,243, nafuu ni 2,400. Kodi yake ni sufuri. Kwa viwango vya 2025, mshahara wa hadi kama 26,700 haukatwi PAYE, yaani kodi ya mshahara, hata shilingi moja. Anayefikiria kurudi kazini afanye hesabu yake kwa namba za kweli, na aifanye yeye mwenyewe.

Lakini angalieni hapo pia kuna kitu kinapotea. Nafuu yake ilikuwa 2,400, ametumia 2,243. Zile 157 zilizobaki zinakwenda wapi? Hapewi yeye, wala mumewe haongezewi. Zinayeyuka. Nafuu ya Kenya inaweza kuishusha kodi mpaka sufuri, basi. Haigeuki kuwa pesa mkononi.

Na hapa ndipo familia nyingi zinapopoteza bila kujua. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kuna mume na mke ninaowafahamu, sitawataja, walichukua bima ya elimu ya watoto, ada 8,000 kwa mwezi. Bima ikakatwa kwa jina la mke kwa sababu yeye ndiye aliyekutana na wakala sokoni, akajaza fomu pale pale. Mke analipwa 25,000. Mume analipwa 60,000. Sheria inatoa nafuu ya asilimia 15 ya ada ya bima ya maisha, ya afya, au ya elimu inayokomaa kwa muda usiopungua miaka 10, iwe ni kwa ajili yako, mwenzi wako au mtoto wako. Asilimia 15 ya 8,000 ni 1,200. Lakini mke kodi yake ilishakuwa sufuri. Hiyo 1,200 ataiondoa wapi? Laiti bima ingekatwa na mume na kulipwa na mume, PAYE yake ingeshuka kutoka 8,538 hadi 7,338. Watoto ni wale wale, ada ni ile ile, na 14,400 kwa mwaka zimebaki serikalini kwa sababu ya jina lililoandikwa juu ya fomu.

Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kutia sahihi: kati yetu wawili, nani anayelipa kodi? Aandikwe huyo.

Swali la pili: mwajiri anajua? Mwalimu mmoja wa shule ya kibinafsi aliniletea P9 zake za miaka mitatu, yaani karatasi ya kodi ambayo mwajiri hutoa kila mwaka. Tulikaa mezani kwake na karatasi zile, nikashuka kwa kidole kwenye safu ya nafuu ya bima: sufuri, sufuri, sufuri, Januari mpaka Desemba, miaka yote mitatu. Na huku analipa 8,000 kila mwezi bila kukosa. Hakuna mtu aliyemwambia kwamba kampuni ya bima hutoa cheti cha kila mwaka, na cheti hicho ndicho afisa wa mishahara anachokitaka. Shilingi 14,400 mara tatu ni 43,200. Hazikuwa zimepotea kabisa, kwa sababu kodi uliyolipa zaidi unaweza kuidai ndani ya miaka 5, kwa kurekebisha ritani, yaani taarifa yako ya kodi ya mwaka, kwenye iTax, mtandao wa KRA, na kuweka vyeti. Lakini ni mlolongo, na unachosha. Tangu Julai 2025 sheria inamtaka mwajiri mwenyewe akupe nafuu zote unazostahili anapopiga PAYE. Sasa una nguvu ya kusema: hiki hapa cheti changu, naomba kionekane mwezi huu.

Naomba hapa niseme na vijana kwa uwazi, maana mawakala wanawafuata sana. Usinunue bima kwa sababu ya kodi. Unatoa 8,000 ili upate 1,200. Kama bima hiyo unaihitaji, nafuu ni ya kuongezea. Kama huihitaji, umetoa 6,800 bure. Na nafuu ina dari: shilingi 5,000 kwa mwezi kwa kila mlipa kodi, hata ukilipa ada ya laki.

Kuna tofauti moja ambayo watu wanaichanganya sana. Bima inapunguza kodi yenyewe, kwa asilimia 15 ya ulicholipa. Pensheni na riba ya mkopo wa nyumba zinapunguza mshahara unaotozwa kodi. Kwa hiyo ukitaka kukadiria utaokoa kiasi gani, angalia ngazi yako ya juu kabisa. Kwa anayelipwa 60,000 au 120,000 ngazi hiyo ni asilimia 30. Kila 1,000 unayoiweka kwenye mpango wa pensheni uliosajiliwa inakupunguzia kodi 300, mpaka 30,000 kwa mwezi, na NSSF inahesabiwa ndani ya hizo 30,000.

Yule baba wa 120,000 akiweka 10,000 kwenye pensheni yake binafsi, kodi inashuka kwa 3,000. Yaani zile 10,000 zinamtoka 7,000 tu mfukoni. Ni nafuu kubwa kupita ya bima, mara mbili yake. Je, mama wa Likoni afanye vivyo hivyo? Simshauri, kwa sasa. Pesa ya pensheni imefungwa, na mtoto akilazwa hospitali usiku huwezi kuifungua. Aweke kwanza akiba ya kufikika, hapa chamani kwetu, halafu pensheni ifuate. Ni jambo linaloniuma: nafuu iliyo kubwa kupita zote inawafaa zaidi waliokwisha kushiba.

Riba ya mkopo wa nyumba ni vivyo hivyo: hadi 30,000 kwa mwezi, 360,000 kwa mwaka, nyumba moja unayoishi wewe mwenyewe, mkopo kutoka taasisi inayotambuliwa na sheria. Anayelipa riba ya 30,000 na yuko kwenye asilimia 30 anaokoa 9,000 kila mwezi. Kuanzia Julai 2025 hata mkopo wa kujenga umeingizwa. Lakini wangapi hapa wamejenga kwa mkopo wa benki? Naona mikono miwili. Na wangapi wamejenga pole pole, matofali mwaka huu, mabati mwaka kesho? Haya. Ninyi sheria haiwaoni.

Sasa nataka mnisikilize vizuri, kwa maana hili linahusu nyumba ambazo hazipigi kelele. Mwenye ulemavu aliye na kipato, akishapata cheti cha msamaha wa kodi, shilingi 150,000 za mwanzo za mapato yake ya kila mwezi hazitozwi kodi ya mapato. Laki moja na nusu! Namjua karani mmoja, bwana wa makamo, anatembea kwa magongo tangu utotoni, mshahara wake 60,000. Alilipa 8,538 kila mwezi kama mtu yeyote. Ofisini wenzake walimwona kila siku akipanda ngazi, na hakuna aliyemwambia. Kwa mwaka ni 102,460. Hiyo ni karo ya mtoto. Nilipomuuliza kwa nini hakuomba, akanijibu: "Nilidhani ni mpaka uwe huwezi kufanya kazi." Hapana, ndugu yangu. Msamaha huu ni wa anayefanya kazi!

Utaratibu ni huu: unapimwa na kuandikiwa ripoti hospitali ya serikali, unasajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, kisha unaomba KRA kupitia iTax. Cheti kina tarehe ya mwisho, kwa hivyo andika kwenye kalenda siku ya kukihuisha. NSSF na SHA zinaendelea kukatwa kama kawaida. Kama kuna mtu nyumbani kwako anayestahili, kesho usimpelekee pole. Mpelekee utaratibu huu.

Kuhusu SHA nitasema kwa ufupi. Hapo ndipo mahali pamoja ambapo nyumba inahesabiwa. Mchango wako unawabeba mwenzi na watoto, lakini mpaka uwe umewasajili kama wategemezi wako. Msingojee siku ya kufika mapokezi hospitalini. Wasio na mshahara wanapimwa kwa kipato cha nyumba, asilimia ile ile 2.75, na kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi. Na aliye na mzee wa miaka 70 na kuendelea nyumbani aulize kwa chifu habari za Inua Jamii, msaada wa serikali kwa wazee: 2,000 kwa mwezi kwa mzee aliyeandikishwa. Siyo kodi, lakini inaingia kwenye daftari lile lile la nyumba.

Mama zangu wa biashara, mauzo yenu yakiwa chini ya milioni moja kwa mwaka, ile kodi ya mauzo ya asilimia 3 haiwahusu. Yakizidi hapo, mpaka milioni 25, inawahusu, nayo inapigwa kwenye mauzo siyo faida, bila nafuu ya 2,400. Tutakaa siku nyingine kwa ajili yenu peke yenu.

Nilisema nitajibu lile swali. Je, ni haki mama wa watoto wanne na kapera walipe kodi sawa? Mimi nasema siyo haki, na sisemi kwa hasira, nasema kwa kusoma. Katiba yetu, kifungu cha 201, inasema mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Na wala kuhesabu sahani si jambo lisilowezekana. Ufaransa tangu 1945 inagawa mapato ya nyumba kwa mafungu: mume fungu moja, mke fungu moja, mtoto wa kwanza na wa pili nusu nusu, wa tatu fungu zima. Kodi inapigwa kwenye fungu, kisha inazidishwa. Marekani, mzazi anayelea peke yake ana daraja lake la kodi, na kuna nafuu zinazolipwa taslimu hata kama kodi ni sufuri. Sisemi tunakili. Wao wana rekodi za kila nyumba, na sisi wafanyakazi wetu wengi hawana hata karatasi ya mshahara. Lakini mtoto wa Kenya ana cheti cha kuzaliwa. Mtoto aliye shuleni ana namba kwenye mfumo wa elimu. Kumpa mzazi nafuu ya ziada kwa mtoto aliyesajiliwa kunahitaji nini ambacho hatuna?

Hebu tupige hesabu ya mwisho. Tukiomba 500 tu kwa mwezi kwa kila mtoto, hadi watoto wanne, yule mama wa Likoni kodi yake inatoka 8,538 inafika 6,538. Kwa mwaka ameokoa 24,000. Baba wa 120,000 mwenye watoto wanne naye anaokoa 24,000 hizo hizo, kwa hivyo haitakuwa nafuu ya matajiri kama ile ya pensheni. Kijana wa Kisauni hapandishiwi hata shilingi. Serikali itapoteza mapato, ndiyo, na Hazina itauliza pengo litazibwa na nini. Wana haki ya kuuliza, nasi tuna haki ya kutaka jibu litafutwe.

Mswada wa Fedha hufika Bungeni kabla ya tarehe 30 Aprili, na baada ya hapo wananchi hualikwa kutoa maoni. Wengi husubiri wakati huo ndipo waanze kulalamika kwenye matatu. Sisi tuanze sasa. Nimeandika waraka wa kurasa mbili kwa Karani wa Bunge la Kitaifa, nimeweka hesabu hizi zote, ya Likoni na ya Kisauni, bila majina ya watu. Nakala ziko mezani kwa katibu, pale karibu na mlango. Usome kwanza. Ukikubaliana nao, tia sahihi na namba ya kitambulisho. Usipokubaliana na ile 500, andika kiasi chako pembeni na sababu, nami nitauandika upya kabla ya mkutano wa Januari. Na aliyekuja na P9 au cheti cha bima asiondoke. Niko hapa mpaka magharibi, tutazipitia moja moja.